Kula, Kuzika na Kuleta

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na kwetu mbwa hapandi barazani. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba mate yake ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba ni kwa udongo. Mbwa tuliowajua ni wale waliozurura sokoni, wembamba, wenye vidonda masikioni, ambao kila mpita njia aliwatupia jiwe bila ya kujiuliza kwa nini. Basi msomaji asistaajabu nikimwambia kwamba sikutarajia hata siku moja kufundishwa maana ya amana na mbwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa fundisho lenyewe limekaa nami miaka 40, na mara nyingine limeninyima usingizi, nimeona afadhali niliandike kabla sijalisahau, au kabla sijajifanya nimelisahau.

Mwaka 1985 nilipelekwa Ujerumani ya Magharibi, katika mji wa Göttingen, kusomea misitu. Sehemu ya masomo ilikuwa ya vitendo, nasi wanafunzi tuligawanywa kwa mabwana misitu wa wilaya za jirani, kila mmoja akae miezi michache na mwenyeji wake. Mimi niliangukia kwa mzee mmoja aliyebakiza miaka miwili tu astaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi. Nyumbani kwake palikuwa na mkewe, saa kubwa ya ukutani, na mbwa jike aliyeitwa Asta.

Asta alikuwa wa aina iitwayo Deutsch Drahthaar, yaani mbwa wa Kijerumani mwenye manyoya ya waya. Jina hilo linamfaa. Manyoya yake ya juu ni magumu kama brashi ya kusugulia sakafu, nayo yamelala juu ya mengine mafupi, yaliyosongamana, yanayozuia maji na baridi visimfikie ngozini. Ana ndevu na nyusi nene, hata usoni hufanana na mzee aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Dume hufikia kimo cha sentimita 61 hadi 68 mabegani, na jike 57 hadi 64. Rangi yake ni ya kahawia, au ya kahawia au nyeusi iliyochanganyika na nyeupe mithili ya majivu. Si mbwa wa kupendeza sana machoni, wala walioanzisha aina hiyo hawakukusudia apendeze. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza: kwamba watu waliweza kulea kizazi baada ya kizazi cha mnyama, na uzuri wa sura wakauweka nyuma kwa makusudi.

Nilipomuuliza mzee sababu yake, alinieleza historia, na baadaye nikaisoma mwenyewe. Zamani uwindaji katika nchi za Kijerumani ulikuwa haki ya watawala na makabaila. Hao waliweza kufuga mbwa kwa makumi, kila kundi na kazi yake: hawa wa kukimbiza, hawa wa kunusa kwale alipojificha, hawa wa kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Mapinduzi ya mwaka 1848 yaliwanyang'anya makabaila haki ya kuwinda juu ya ardhi ya watu wengine, na tangu hapo uwindaji ukaambatana na umiliki wa ardhi. Mkulima mwenye shamba lake, na mtu wa kawaida aliyemlipa mwenye shamba ili awinde humo, wote wakawa wawindaji. Lakini watu hao hawakuwa na uwezo wa kulisha mbwa 10. Walihitaji mmoja atakayefanya kazi ya wote, shambani, msituni na majini.

Waliletewa mbwa wa Kiingereza, wenye mbio na pua kali ajabu. Hao wakinusa ndege majanini husimama kimya, pua imenyooka kuelekea alipo, mpaka mwindaji afike. Ni kazi nzuri, ila kwa kawaida iliishia hapo. Mjerumani alitaka na ile inayofuata: ndege akianguka ng'ambo ya mto, nani atamvuka amlete? Paa akijeruhiwa na kukimbilia kichakani, nani atafuata matone ya damu mpaka apatikane?

Mwishoni mwa karne ya 19 alitokea kabaila mmoja, Sigismund von Zedlitz und Neukirch, aliyekuwa akiandika kwa jina la Hegewald. Yeye alishikilia kwamba mbwa apimwe kwa kazi, na sura itafuata kazi. Waliomsikiliza walichanganya damu za aina kadhaa, Pudelpointer, Griffon, Stichelhaar na Kurzhaar yule mwenye manyoya mafupi, bila ya kujali sana nani ana jina kubwa, maadamu mzao wao alijua kufanya kazi. Chama cha aina hii kiliundwa mwaka 1902, na hadi leo katika chama hicho mbwa hazalishwi mpaka afaulu mitihani. Wakati wa machipuko hupimwa akiwa kijana, kuona vipaji alivyozaliwa navyo: pua yake, jinsi anavyofuata harufu ya sungura asiyeonekana tena, jinsi anavyosimama mbele ya ndege, na kama ana moyo wa kushirikiana na bwana wake. Wakati wa vuli huongezwa kazi ya majini. Halafu, kwa mbwa aliyekomaa, kuna mtihani mkubwa wa siku mbili, wa msitu, maji, shamba na utii. Sisi tunasema mshika mawili moja humponyoka. Huyu huambiwa ayashike yote manne, asiponyokwe na hata moja.

Nilimwambia mzee kwamba naona taabu ni nyingi kuliko nyama. Akacheka kidogo, akanijibu kwamba kufyatua bunduki ni jambo la nukta moja, lakini deni huanza baada ya mlio. Mnyama uliyemjeruhi, alisema, ni wako hata kama humwoni. Ukimwacha afe polepole kichakani kwa kuwa giza limeingia na nyumbani supu inapoa, hukuwinda, umetesa tu. Mbwa huyu alikusudiwa kwa ajili ya deni hilo.

Jumamosi moja ya Machi, baridi ikiwa bado kali, mzee alinichukua tukaone mtihani ambao kwa Kijerumani huitwa Bringtreue. Nikijaribu kuutafsiri ningesema: uaminifu wa kuleta. Namna yake ni hivi. Saa kadhaa kabla, mbweha aliyekufa huwekwa msituni, mbali na njia, kiasi cha hatua 100 au zaidi. Mbwa haonyeshwi wala haambiwi. Hakuna bunduki iliyolia, hakuna damu ya kufuata. Bwana wake humwachia ukingoni mwa msitu kwa neno moja tu, tafuta, kisha husimama hapo hapo asiweze kumwona wala kumsaidia. Mwamuzi naye hujificha. Mbwa akimkuta yule mbweha kwa bahati, je, atamleta? Na mbweha, msomaji aelewe, si windo ambalo mbwa hulifurahia mdomoni. Ni mzito, ananuka, na mbwa wengi humchukia.

Mimi niliruhusiwa kukaa na mwamuzi mmoja juu ya dungu la wawindaji, tukiwa tumefunikwa na matawi ya misonobari. Mbwa wa kwanza alimkuta mbweha mapema. Alimnusa, akainua kichwa, akatazama huku na huku, kisha akajiendea zake kana kwamba hakuona kitu. Wa pili alimkamata shingoni, nikadhani amefaulu. Lakini alimburura mpaka kwenye shimo chini ya mti ulioanguka, akamlaza humo, akaanza kumfunika kwa majani kwa kutumia pua yake, taratibu, kwa uangalifu mkubwa. Alipomaliza alirudi kwa bwana wake mbio, mkia unatikisika. Mwamuzi aliandika kitu daftarini bila ya kusema neno.

Wa tatu alikuwa Asta. Alimkuta, akasimama. Alimuuma kidogo mgongoni, akamwachia. Akaenda hatua chache. Nakumbuka vizuri kwamba alisimama tena, akageuza kichwa upande wa ukingo wa msitu ambako bwana wake hakuonekana, na mimi huku juu nilijikuta nimezuia pumzi kama mtu atazamaye mwanawe akisoma mbele ya watu. Kisha akarudi. Alimshika katikati ya mwili, akamwinua, akamwangusha, akamwinua tena, akaondoka naye, kichwa juu ili miguu ya mbweha isijinase vichakani.

Jioni ile, mezani, mzee alinieleza kwamba wako mbwa wa namna mbili ambao wawindaji hawawataki kabisa. Wa kwanza ni mlaji: akipata sungura mahali asipoonekana, humla, au humla nusu. Wa pili ni yule tuliyemwona, na Wajerumani wamempa jina la mchimba kaburi. Nilimuuliza yupi mbaya zaidi. Akasema wote wawili huanguka mtihani, ila mlaji utamjua, kwa kuwa hurudi na damu ndevuni. Mchimba kaburi hurudi msafi, amefurahi kukuona, nawe utampapasa kichwa na kumpa mkate.

Usiku huo nilikumbuka jambo la madrasa. Maalim wetu alipokuwa akitusomesha habari za vyakula vya halali, alitueleza kwamba Kurani, katika Sura ya Al-Maida, imeruhusu windo lililoshikwa na mbwa aliyefundishwa. Sisi watoto tulishangaa: mbwa yule yule ambaye mate yake huoshwa mara saba? Maalim akasema naam, ila kwa sharti. Awe amefundishwa, atumwe kwa jina la Mwenyezi Mungu, na alichokishika awe amekushikia wewe. Mtume aliulizwa na sahaba wake, Adiy bin Hatim, naye akabainisha kwamba mbwa akila katika windo, wewe usile, kwa kuwa hapo amejishikia nafsi yake. Nilikuwa mtoto, nikakariri kama tulivyokariri mengine. Sasa nilikuwa nimekaa katika nyumba ya Mkristo, mbali na kwetu mwendo wa maelfu ya maili, nikiona kwamba mzee yule na maalim wangu walikuwa wakiuliza swali lile lile: umemshikia nani?

Hapa msomaji mwenye kufikiri atanipinga, na ana haki. Atasema: mbwa hana niya. Amezaliwa na wazazi waliochaguliwa, amefundishwa kwa mkate na kwa kamba, na alipomleta mbweha alifanya lile ambalo damu na mazoea vilimsukuma kulifanya. Wema uko wapi? Tena ni hatari kusifu uzao. Nchi ile ile iliyoandika nasaba za mbwa madaftarini ilikuja, kati ya mwaka 1933 na 1945, kupima watu kwa nasaba, ikaua mamilioni. Nakubali yote hayo. Sisemi mbwa ni walii, na Mungu apishe mbali kwamba binadamu aangaliwe kwa damu yake. Ninalosema ni dogo zaidi. Mtihani ule haukunionyesha tabia ya mbwa tu. Ulinionyesha jinsi ya kuuliza swali. Anayejua kwamba anatazamwa, na anayejua kwamba ameamriwa, hujapima uaminifu wake; umepima utii wake, au woga wake. Uaminifu hupimwa pale ambapo amri haikutolewa, jicho halipo, na mzigo wenyewe unanuka.

Na ikiwa mbwa, asiye na niya, anaweza kurudi hatua zile chache na kuubeba, basi mimi niliyepewa akili na niya nitajitetea kwa nini?

Swali hili si la mapambo. Mwaka 1991 nilikuwa afisa misitu katika wilaya moja ya kusini mwa nchi yetu. Jina lake halina haja. Ofisini tulikuwa na nyundo ya kugongea muhuri magogo yaliyokatwa kwa kibali. Nyundo hiyo ilikaa kabatini chini ya ufunguo, na gogo lisilo na alama yake halikuruhusiwa barabarani. Mlinzi mmoja wa msitu, kijana mpole, alinijia jioni akanipeleka porini akanionyesha magogo 43 ya mninga. Yote yalikuwa na alama ya nyundo yetu. Hakuna hata moja lililokuwa na kibali. Funguo za kabati walikuwa nazo watu wawili: mimi, na mtu aliyekuwa juu yangu.

Niliandika taarifa ya kurasa tatu kwa mkono wangu. Niliyahesabu magogo, nikayapima, nikaeleza ni nani aliyeniongoza na saa ngapi. Ilikuwa taarifa nzuri. Kisha nikaitia katika droo ya meza yangu, chini ya ramani za zamani, nikasema nitaipeleka mkoani Jumatatu. Mke wangu alikuwa mja mzito. Nilikuwa nimesikia habari za wenzangu waliohamishiwa mahali pasipo shule wala zahanati kwa makosa madogo kuliko hilo. Jumatatu ilipita. Baada ya majuma matatu habari za magogo zilijulikana kwa njia nyingine, ikatafutwa shingo ya kulaumiwa, na shingo iliyopatikana ilikuwa ya yule mlinzi. Alifukuzwa kazi. Karatasi zilizoweza kumsafisha zilikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kiti nilichokalia, nami sikuzitoa.

Sikula. Hilo nimejiambia mara nyingi sana. Hakuna senti ya magogo yale iliyoingia mfukoni mwangu, na katika utumishi wangu wote hakuna anayeweza kusema nilikula. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo inatosha. Sisi kwa lugha yetu tumewapa wezi wa mali ya umma jina la walaji, na kila asiye mlaji hujihesabu kuwa mwema. Lakini kila nilipojisifu hivyo nilimwona yule mbwa wa pili, akisukuma majani kwa pua yake, taratibu, kwa uangalifu. Yeye naye hakula. Alirudi msafi, akapapaswa kichwa. Mimi nilirudi nyumbani kila jioni, nikapandishwa cheo mwaka 1994, nikapewa cheti cha utumishi mwema nilipostaafu.

Nimefikiri sana kwa nini mzika anaishi kwa raha kuliko mlaji. Naona ni kwa sababu tendo lake lina sura ya heshima. Kunyamaza tunakuita busara, na kuweka jambo chini ya ramani tunakuita subira. Aliyezika hana doa la damu ndevuni, wala hahisi kuwa ametenda. Huhisi tu kwamba bado hajatenda, na kwamba Jumatatu ingalipo. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya ofisi yangu, na kifo kikamuumbua mwingine.

Mwaka 2019, nikiwa tayari mstaafu, nilipanda basi nikaenda kusini kumtafuta. Zile kurasa tatu nilikuwa nimezihama nazo nyumba hadi nyumba, sikuzichana wala kuzitoa. Nilimkuta kijijini kwao, mvi zimemjaa, ana bustani ya mboga na wajukuu. Alinikaribisha, akaniita Bwana Misitu kama zamani, akamtuma mtoto aniletee maji. Nilimpa karatasi. Alizisoma zote, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Aliponyanyua macho aliniuliza jambo moja tu: kama niliziandika siku ile ile, au baadaye. Nikamwambia siku ile ile. Akatikisa kichwa, akazikunja, akaziweka katika mfuko wa shati. Kisha akasema mkewe alifariki mwaka 2003, naye alikufa bila ya kuamini kabisa kwamba mumewe hakuiba.

Hakunitukana. Tulikula ugali na mchicha, nikarudi.

Sikuandika haya ili nionekane nimetubu vizuri. Nilileta, ndiyo, lakini mbweha aliyeletwa baada ya miaka 28 hafaulishi mtu mtihani. Nimeandika kwa kuwa nadhani wako wengi kama mimi, watu wasiokula, wenye droo. Mzee wa Göttingen hakuniambia jinsi ya kumponya mbwa mchimba kaburi. Alisema tu kwamba hazalishwi, ili tabia yake isiendelee. Binadamu, kwa rehema ya Mungu, hapimwi hivyo. Yeye huweza kugeuza kichwa na kurudi zile hatua chache. Asta alizirudi katika muda usiotimia dakika moja, na bado nauona mgongo wake ulivyojikunja alipoinama tena kuunyanyua mzigo ule. Ukinukia vibaya, ndugu msomaji, usidhani umekosea njia. Angalia tu droo yako ina nini, na leo ni siku gani.